Nani Anatenda? Kukielewa Kirai cha Kitenzi-jina katika Kiingereza

Kijana mmoja aliyehitimu chuo aliniletea barua yake ya maombi ya kazi niipitie kabla hajaituma. Ilikuwa barua fupi, iliyopangwa vizuri, na makosa ya sarufi niliyoyaona yalikuwa matatu tu. Mwanzoni aliandika "I am writing for to apply for the post of accounts clerk". Katikati aliandika "I want that you consider my application". Mwishoni, pale ambapo karibu kila mwombaji hufunga barua yake, aliandika "I look forward to hear from you". Nilipomwuliza ameyapata wapi maneno hayo, alinieleza kwamba kichwani mwake alikuwa akisema hivi: naandika kwa ajili ya kuomba, nataka mzingatie, natarajia kusikia. Kwa Kiswahili hakuna hata moja kati ya hizo iliyo mbovu. Makosa yote matatu yalizaliwa mahali pamoja, yaani katika namna Kiingereza kinavyokitumia kitenzi kisichofungwa na nafsi wala wakati, ambacho vitabu vya sarufi vya lugha hiyo hukiita "infinitive" na sisi hukiita kitenzi-jina.

Kwa Kiswahili tunakitambua kitenzi-jina kwa kiambishi "ku-": kusoma, kupika, kwenda, kula. Kwa Kiingereza hutambulika kwa neno "to" linalofuatwa na kitenzi katika umbo lake la msingi, lisilo na "-s", wala "-ed", wala "-ing": "to read", "to cook", "to go", "to eat". Kitenzi hicho kikiambatana na shamirisho na vielezi vyake tunapata kirai kizima, kama vile "to read the newspaper slowly under the mango tree", kusoma gazeti polepole chini ya mwembe. Tunakiita kirai, na si kishazi, kwa sababu hakina wakati na kitenzi chake hakipatani na kiima chochote. Kwa ndani kitenzi chake kinaendelea kufanya kazi ya kitenzi, kwa maana kina kitu kinachosomwa, namna ya kusoma na mahali pa kusomea. Kwa nje, kirai chote kinaingia katika sentensi kubwa kama nomino, au kama kivumishi, au kama kielezi.

Hadi hapo lugha hizi mbili zinaonekana kufanana, na kufanana huko ndiko kunakowaponza wengi. Kiambishi "ku-" kinabeba kazi ambazo Kiingereza kimezigawa kwa maumbo matatu: "kusoma" ni "to read", tena ni "reading", na baada ya vitenzi saidizi kama "can" na "must" ni "read" peke yake. Upande wa pili, mahali pengi ambapo Kiingereza kinatumia "to", Kiswahili hakitumii "ku-" kabisa, bali kinatumia lile umbo linaloishia na "-e": niende, aje, wasome. Kwa hiyo anayebadilisha kila "ku-" kuwa "to" atapatia hapa na kukosea pale bila kujua sababu.

Naamini swali linalosaidia kuliko mengine yote ni hili: nani anatenda? Kitenzi-jina chenyewe hakina alama ya mtendaji, lakini mtendaji wake karibu daima yupo, na kazi ya msomaji ni kumtafuta. Tazama sentensi hizi mbili: "I promised my mother to come early" na "I told my mother to come early". Zinatofautiana kwa neno moja tu, lakini katika ya kwanza anayekuja mapema ni mimi, na katika ya pili anayekuja mapema ni mama. Maneno "to come early" hayajabadilika hata kidogo. Tofauti yote imewekwa ndani ya maana ya "promise" na "tell". Kiswahili hakiachi jambo hilo libahatishwe. Tunasema "Nilimwahidi mama kuja mapema", au "kwamba nitakuja mapema", lakini kwa sentensi ya pili tunasema "Nilimwambia mama aje mapema", na ile "a-" ya "aje" inamtaja mama waziwazi.

Hapo kuna kanuni ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili anaifuata bila kufundishwa. Mtendaji wa kitenzi cha pili akiwa ni yule yule wa kitenzi kikuu, tunatumia "ku-": nataka kwenda. Mtendaji akiwa mwingine, tunaacha "ku-" na kumtaja kwa kiambishi cha nafsi: nataka aende, nataka waende, nataka uende. Kiingereza kinabaki na "to" katika hali zote mbili, ila mtendaji mpya anaingizwa katikati, kati ya kitenzi kikuu na "to", naye anavaa umbo la shamirisho: "I want to go", kisha "I want him to go", "I want them to go". Tunasema "him" badala ya "he" kwa sababu kwa macho ya sarufi ya Kiingereza mtu huyo ni shamirisho la "want", hata kama kimaana ndiye atakayekwenda. Ndiyo sababu "I want that you consider my application" haikubaliki. Sentensi inayotakiwa ni "I want you to consider my application", ingawa katika barua ya kuomba kazi adabu inadai "I would like you to consider", au "I kindly ask you to consider". Muundo huo ndio unaofuatwa na "ask", "tell", "advise", "allow", "expect", "invite", "teach", "force" na wenzao wengi. "Muuguzi alimshauri anywe maji zaidi" inakuwa "The nurse advised him to drink more water", na "Baba alituruhusu tucheze" inakuwa "Father allowed us to play".

Kuna vitenzi viwili vya kawaida sana vinavyokataa muundo huo, na navitaja kwa sababu navikuta kila siku katika barua na ripoti. Cha kwanza ni "suggest": hatusemi "I suggest him to see a doctor", bali "I suggest that he see a doctor", au "that he should see a doctor". Cha pili ni "hope": hatusemi "I hope her to pass", bali "I hope that she passes". Hapa Kiingereza kinarudi karibu na Kiswahili, kwani kinatumia kishazi kizima chenye kiima chake.

Kuna pia hali ambapo kitenzi kikuu hakina nafasi ya shamirisho, na mtendaji wa kitenzi-jina bado anahitaji kutajwa. Kiingereza humleta kwa neno "for": "It is important for children to sleep early", ni muhimu watoto walale mapema. Wanafunzi wengi huisoma "for" hiyo kama "kwa ajili ya" na kutafsiri kana kwamba jambo hilo lina manufaa kwa watoto. Sivyo. "For" hapo haina maana yake ya kawaida. Kazi yake ni kumtambulisha mtendaji tu, kazi ile ile inayofanywa na "wa-" katika "walale".

Mwanaisimu wa Marekani Noam Chomsky alizipa umaarufu sentensi mbili za aina hii katika maandishi yake ya miaka ya 1960: "John is eager to please" na "John is easy to please". Kwa sura ni pacha. Katika ya kwanza, John ndiye anayetaka kuwaridhisha watu. Katika ya pili, watu ndio wanaomridhisha John, naye haleti taabu. Jaribu kuzisema kwa Kiswahili uone kinachotokea: "John ana hamu ya kuwaridhisha watu", na "Ni rahisi kumridhisha John". Kiambishi "-m-" kilichoingia ndani ya "kumridhisha" kimeonyesha kwamba John ni mtendwa. Kitenzi-jina cha Kiswahili kina nafasi ya ndani ya kumwekea mtendwa, kama katika kumwona, kukisoma, kuwasaidia, kujipima, na Kiingereza hakina nafasi hiyo. Msomaji wa Kiingereza analazimika kujua tabia ya "eager" na tabia ya "easy", moja baada ya nyingine, kama mtu anavyojifunza tabia za majirani.

Nafasi hiyo ya ndani inatuletea kosa lingine. Kwa kuwa tunasema "chai hii ni ya moto mno kuinywa", tunaandika "This tea is too hot to drink it". "It" hiyo ya mwisho haitakiwi, kwa sababu chai imekwisha kutajwa mwanzoni na Kiingereza kinaiacha nafasi ya baada ya "drink" ikiwa tupu kwa makusudi: "This tea is too hot to drink". Angalia pia kwamba muundo wa "too" na "to" umemeza ukanushi. Hakuna "not" popote, lakini maana ni kwamba chai hainyweki. "The sack is too heavy to carry" ni gunia lisilobebeka. Msomaji anayetafuta alama ya ukanushi ataelewa kinyume.

Sasa tuangalie kirai hiki kinapofanya kazi ya kivumishi, yaani kinapoieleza nomino, kwa kuwa hapa Kiswahili kinatupa ufunguo ambao sijaona ukitumiwa vya kutosha darasani. "Maji ya kunywa" ni "water to drink", "kitabu cha kusoma" ni "a book to read", "kazi ya kufanya" ni "work to do". Mambo yanakwenda sawa. Halafu mwanafunzi anaandika "I need a pen to write" na "Give me a chair to sit", na mwalimu anamwambia kwamba kuna neno limesahauliwa mwishoni: "a pen to write with", "a chair to sit on". Mwanafunzi anashangaa, kwa kuwa hajawahi kuona lugha inayomaliza sentensi kwa kihusishi kinachoning'inia. Kumbe Kiswahili chake kinafanya jambo hilo hilo kila siku. Hatusemi "kalamu ya kuandika", tunasema kalamu ya kuandikia. Hatusemi "kisu cha kukata", tunasema kisu cha kukatia. Kiti ni cha kukalia, sufuria ni ya kupikia, ndoo ni ya kuchotea maji. Ile kauli ya kutendea, yaani "-ia" na "-ea" zinazoongezwa kwenye mzizi wa kitenzi, ndiyo inayofanya kazi ya "with", "on" na "in" za Kiingereza. Kwa hiyo kipimo ni chepesi: ukisikia kitenzi chako cha Kiswahili kimeongezewa "-ia" au "-ea" kwa maana hiyo ya chombo au mahali, tafuta kihusishi cha kuweka mwishoni mwa kirai cha Kiingereza. "Kisu cha kukatia mkate" kinakuwa "a knife to cut bread with", na "kitanda cha kulalia" kinakuwa "a bed to sleep on". Vivyo hivyo pale tunaposema "naye" au "nao": mtu wa kuongea naye ni "someone to talk to", na hapo "to" ya kwanza ni ya kitenzi-jina ilhali ya pili ni kihusishi kamili.

Tofauti moja ibaki kichwani. "Cha kuandikia" kwa Kiswahili kinaweza kuwa karatasi au kalamu, na ni mazungumzo yenyewe yanayoamua. Kiingereza kinadai uchague: "something to write on" ni karatasi, "something to write with" ni kalamu, na "something to write about" ni mada.

Kazi ya nomino haihitaji maneno mengi. "To forgive a neighbour takes courage" ni sentensi sahihi, na inalingana kabisa na "Kumsamehe jirani kunahitaji moyo", pamoja na upatanisho wake wa "ku-". Ila Waingereza wenyewe siku hizi hawapendi kuanza sentensi hivyo, isipokuwa katika hotuba na maandishi mazito. Hukisogeza kirai mwishoni na kuweka "it" mwanzoni ili ishike nafasi ya kiima: "It takes courage to forgive a neighbour". "It" hiyo haina maana yoyote, lakini ikikosekana sentensi inaanguka. Mswahili anayefikiri "Ni vigumu kumsamehe jirani" huandika "Is difficult to forgive a neighbour", kwa sababu kwake "ni" inatosha kuanzisha sentensi. Kwa Kiingereza haitoshi. Nafasi nyingine za nomino zinaeleweka upesi: kama shamirisho, "She decided to sell the goat"; kama kijalizo baada ya "is", "His plan is to open a shop in Mwanza".

Kazi ya kielezi, hasa ya kueleza kusudi, ndiyo iliyo ya zamani kuliko hizo nyingine za "to", na historia yake inafafanua mambo mawili kwa mpigo. Katika Kiingereza cha Kale, kile kilichozungumzwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kitenzi-jina hakikuhitaji "to". Kilikuwa na kimalizio chake: kuandika kulikuwa "writan". "To" lilikuwa kihusishi cha kawaida chenye maana ya kuelekea mahali, na lilipotangulia kitenzi, kitenzi hicho kilibadilika mwisho wake kama nomino, kikawa "to writenne", takribani kuelekea katika kuandika, yaani kwa kusudi la kuandika. Karne zilivyopita vimalizio vikasagika hadi vikatoweka, na "to" likabaki peke yake kama alama ya kitenzi-jina, hata pale ambapo hakuna kusudi wala mwelekeo.

Jambo la kwanza linaloelezwa na historia hiyo ni "for to" ya yule kijana. Maana ya kusudi ilipofifia ndani ya "to", watu wa Enzi za Kati waliirudishia nguvu kwa kutanguliza "for", na "for to" ikawa Kiingereza cha heshima kabisa. Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611 bado inayo "for to see". Baadaye Kiingereza sanifu kikaiacha, na leo "to" inatosha yenyewe: "I am writing to apply". Anayetaka kusudi lionekane wazi zaidi ana "in order to" na "so as to", na kwa ukanushi hizo ndizo zinazopendelewa: "She walked quietly so as not to wake the baby", alitembea taratibu asimwamshe mtoto. Na si kila kirai kinachofuata kitenzi cha mwendo kinaeleza kusudi. "He came home to find the door broken" haina maana kwamba alirudi ili akute mlango umevunjwa. Maana yake ni kwamba alirudi, akakuta mlango umevunjwa. Hapo "to" inafanya kazi ya "-ka-" yetu ya masimulizi.

Jambo la pili ni kitenzi-jina kitupu, kisicho na "to". Vitenzi saidizi kama "can", "may", "must", "shall" na "will" vilishikana na vitenzi vingine tangu zama zile za kimalizio "-an", kabla "to" halijaenea, na havikuwahi kulikubali. Ndiyo maana "I can write" haina "to" na "You must to go" ni kosa, hata kama Kiswahili kinasema "naweza kuandika". Tabia hiyo hiyo wanayo "let" na "make", pamoja na vitenzi vya kuona na kusikia: "Let him speak", "They made him pay", "I heard her sing". "Help" hukubali namna zote mbili. Cha kukumbuka ni kwamba "make" kikigeuzwa kuwa katika kauli ya kutendwa, "to" hurudi: "He was made to pay".

Katika eneo hili kuna kosa moja la Kiswahili ambalo halitajwi mara nyingi. Masimulizi yetu yanaruhusu kitenzi cha mwisho kuazima wakati kutoka kwa kilichotangulia: "Alifika, akaketi na kuanza kula". "Kuanza" hapo si kitenzi-jina kwa maana. Ni "alianza" iliyovuliwa nafsi na wakati baada ya "na". Mwanafunzi akiandika "He arrived, sat and to start eating" anakuwa ameifuata "ku-" hadi mahali ambapo Kiingereza hakimruhusu kufika. Kiingereza kinataka wakati urudiwe: "He arrived, sat and started eating".

Kuhusu "to" kutenganishwa na kitenzi chake, kama katika "to fully understand", kelele zimekuwa nyingi kuliko jambo lenyewe. Henry Alford, mkuu wa kanisa kuu la Canterbury, aliandika mwaka 1864 kwamba "to" na kitenzi chake havitenganishwi, na walimu wengi wakalishika neno hilo kama amri. Lakini Waingereza wamekuwa wakivitenganisha tangu Enzi za Kati, na mwaka 1926 Henry Fowler, ambaye kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza iliheshimiwa sana, alieleza kwamba ni afadhali kutenganisha kuliko kuandika sentensi yenye utata. Utata huo ni wa kweli. Ukiandika "She decided gradually to reduce the debt", hatujui kama uamuzi ndio uliokuja polepole au deni ndilo litakalopungua polepole. "She decided to gradually reduce the debt" haina shaka. Sisi tunaotumbukiza "-to-" katikati ya "ku-" na kitenzi kila tunapokanusha, tukasema kutokubali na kutofika, hatuna sababu ya kuogopa. Kwa ukanushi, hata hivyo, mwandiko rasmi wa Kiingereza huweka "not" kabla ya "to": "She asked me not to laugh", aliniomba nisicheke. Ukisema "She did not ask me to laugh" umesema jambo jingine kabisa, kwamba hakuniomba nicheke.

Limebaki lililo gumu kuliko yote, yaani kuchagua kati ya "to" na "-ing", na hapa orodha za kukariri hazikwepeki kabisa. "Want", "hope", "decide", "agree", "refuse" na "promise" vinataka "to". "Enjoy", "finish", "avoid" na "mind" vinataka "-ing". Chini ya orodha hizo kuna mwelekeo wa maana unaofuata asili ya "to" ya kuelekea mbele: "to" hutazama tendo lililo mbele ya kitenzi kikuu, na "-ing" hutazama tendo lililopo au lililokwisha kuwapo. Mwelekeo huo haushiki kila mahali, kwani "suggest" huzungumzia la mbeleni na bado hutaka "-ing", lakini unaeleza vizuri vitenzi vinavyokubali maumbo yote mawili kwa maana tofauti. "He stopped to smoke" ni alisimama ili avute sigara. "He stopped smoking" ni aliacha kuvuta. "Remember to lock the door" ni ukumbuke kufunga mlango, jambo ambalo bado halijafanyika; "I remember locking the door" ni nakumbuka kwamba niliufunga.

Kiswahili kina vipimo viwili vya kutambua mahali ambapo "ku-" haiwezi kuwa "to". Cha kwanza ni umiliki. Kitenzi-jina chetu kinaweza kumilikiwa, kama katika kuja kwako, kuimba kwao, kuchelewa kwake, na pale penye umiliki wa namna hiyo Kiingereza hutaka "-ing" au nomino kamili: "Kuimba kwao kulituamsha" ni "Their singing woke us", wala haiwezekani kusema "their to sing". Cha pili ni kihusishi. Baada ya kula, kabla ya kulala, bila kuuliza, kwa kusoma: yote hayo yanakuwa "after eating", "before sleeping", "without asking", "by reading". Mtu anayeandika "without to ask" amesahau kwamba kihusishi cha Kiingereza hakiongozi kirai cha "to", isipokuwa katika misemo michache kama "about to".

Kipimo hicho cha pili ndicho kinachotatua ile sentensi ya mwisho ya barua. Katika "I look forward to", "to" si alama ya kitenzi-jina. Ni kihusishi, ndugu wa "to" ya "I walked to the market". Ukitaka kuhakikisha, weka nomino baada yake: "I look forward to your reply" ni Kiingereza kizuri, ilhali baada ya "to" ya kitenzi-jina nomino haikai, huwezi kusema "I want to your reply". Basi kama "to" ni kihusishi, kitenzi kinachoifuata lazima kiwe na "-ing". Kuna misemo kadhaa ya namna hii: "object to", "be committed to", na "be used to" yenye maana ya kuzoea. Huu wa mwisho unahitaji jicho kali, kwa sababu "I am used to walking" ni nimezoea kutembea, na "I used to walk" ni nilikuwa nikitembea zamani, na herufi za "used to" ni zile zile.

Yule kijana aliisahihisha barua yake mwenyewe, mbele yangu, kwa kalamu. Alifuta "for" katika sentensi ya kwanza. Ya katikati aliiandika upya ikawa "I kindly ask you to consider my application". Halafu akaongeza sentensi moja ambayo haikuwapo, na kuiweka kabla ya ile ya kufungia, na barua ikaisha hivi: "I would be glad to hear from you about an interview. I look forward to hearing from you."